Vichwa Vyeupe Katika Holi Letu

Kitu cha bure kilitutia wasiwasi watu wa mtaa wa Mbotela, Nairobi. Kaunsili ikikuletea kitu bila kukulipisha, ulijua mbele kuna sindano, au mahubiri, au mtu mwenye kalamu anayetaka kuandika majina ya wote waliolala chumbani mwako. Kwa hivyo bango lilipotundikwa mlangoni mwa holi, limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu kwamba kuna maonyesho ya sanaa, bure, wote karibuni, watu walilisoma wakipita na kwenda zao. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama kutoka Magharibi mwa Kenya aliyefanya kazi kiwanda cha nguo, alisimama akalisoma mara mbili.

"Bure ni ghali, msichana wangu," akaniambia. "Wacha waanze wengine."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Chuo kimoja cha sanaa cha mjini, cha tangu enzi za Wazungu, kilikuwa kimetoa vitu vyake vya kale stoo na kuvizungusha katika maholi ya kaunsili, wiki moja hapa, wiki moja pale, ili wananchi wavione. Sisi tulipata wiki yetu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa kupiga taipu katika ofisi ya mizigo, sijaolewa, na bado niliishi na baba na shangazi katika chumba kile kile nilichokulia. Shangazi na mimi tulilala upande mmoja wa pazia, baba upande wa pili. Kutoka mlangoni kwetu hadi holini ungeweza kwenda na kurudi kabla chai haijachemka.

Lazima nieleze kazi ya baba, maana bila hiyo hakuna hadithi. Baba alikuwa mchonga vinyago. Wachongaji wa kwetu Ukambani waliokuja Nairobi waligawana vinyago kama ndugu wanavyogawana shamba: huyu twiga, huyu kifaru, huyu Mmasai na mkuki wake. Baba alipewa twiga. Alichonga twiga barazani tangu asubuhi hadi jua lizame, na hao ndio waliotulisha. Lakini katikati ya twiga, mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo, alichukua kipande cha mti wa mhugu na kuchonga kichwa cha mwanamke, ukubwa wa ngumi mbili zilizokutana. Hakuna aliyemwagiza. Wenzake walikitania kichwa hicho kwa sababu ya macho. Mchongaji mwenye haraka huchonga kope zimeshuka, maana jicho lililofumbwa halina kazi, na watalii hulipenda hivyo hivyo. Kichwa alichochonga baba kilikodoa macho. Mwanamke yule alikuwa kama mtu aliyeitwa ghafla akageuka. Mnunuzi aliyekuja na pikapu yake kila Jumatatu alinung'unika, "Mzee, huyu mama wako anaogopesha watu," lakini alimchukua.

Katika kazi ile mchongaji hasugui. Tezo na patasi ni za mwanamume, msasa ni wa wanawake na watoto wa nyumba. Mimi nilianza kusugua kabla sijaenda shule. Kwanza msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule laini uliochakaa, na mwisho rangi ya viatu na kitambaa. Vumbi la mhugu linanukia vizuri, lakini likiingia machoni utalia mpaka jioni, kwa hivyo shangazi alinifundisha kusugua nikiwa nimefumba macho. Niliweka kichwa juu ya magoti na kukisoma kwa vidole: paji, mashavu, pua, mdomo wa chini uliojitokeza kidogo kama wa mtu anayetaka kubisha. Naweza kusema bila kujisifu kwamba nilikuwa msuguaji bora wa mtaa mzima.

Nilikosea mara moja tu. Juu ya nyusi ya kushoto ya kile kichwa kulikuwa na alama, mfereji mdogo wa urefu wa punje ya mchele. Kila kichwa kilikuwa nao. Nilidhani patasi ya baba ilikuwa na pengo, na nikiwa na miaka kama kumi nikaamua kumsaidia kuficha aibu yake. Nilisugua pale kwa msasa mkali mpaka pakawa laini kama yai. Nilimpelekea kwa furaha.

Baba hakunipiga. Alipitisha kidole mahali pale mara tatu, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akakaa na kile kichwa mapajani kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani na kukitia katika jiko. Mhugu ulinukia mstari mzima wa nyumba, majirani wakauliza kama tunafukiza ubani. Mimi nilisimama mlangoni nikaona macho yale yaliyokodoa yakiniangalia kutoka katikati ya makaa, na nilianza kulia bila kujua ninalilia nini.

Shangazi akanivuta kando. "Kuna kitu zingine hazisuguliwi," akasema, na hapo pakafungwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwetu, yalifungwa. Mama yangu alikufa akinizaa. Hilo nililijua. Zaidi ya hilo sikujua kitu. Hapakuwa na picha yake hata moja, na kaburi lake lilikuwa Ukambani ambako hatukuenda. Baba aliniita Mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, ndivyo desturi yetu ilivyo. Kila siku niliitwa mama na sina wa kumwita hivyo. Nikimuuliza shangazi mama alifanana vipi, alinijibu, "Alikuwa mtu wa kawaida. Mikono miwili." Nilikuwa nikisimama mbele ya kioo kilichopasuka cha shangazi na kujifanyia hesabu: natoa pua, ambayo ni ya baba, natoa masikio, ambayo ni ya shangazi, na kilichobaki nakiita mama. Kilichobaki hakikuwa uso. Nilitamani kuuona uso wake kuliko nilivyotamani kuolewa, na nilipokuwa mtu mzima sikuona haya kulisema.

Turudi holini. Jumatatu hadi Jumatano hakuna aliyeingia isipokuwa wanafunzi waliopelekwa na mwalimu wao, nao walitoka kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mmoja alimwambia mama yake kwamba ndani kuna maiti. Habari ikatembea. Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba chuo kimeleta maiti weupe.

Na hapo watu wetu wakafanya kosa ambalo watu wetu pekee wangelifanya. Walivaa vizuri wakaenda kuwaaga.

Niliporudi kazini jioni ile nilikuta foleni imetoka mlangoni mwa holi. Wanaume walikuwa wamevua kofia wakizishika kifuani. Akina mama walikuwa wamejifunga leso. Hakuna aliyejua waliokufa ni nani, lakini mtu hapiti msiba. Jirani yetu wa kiwandani alikuwa mbele yangu, na ndani ya holi mtu alikuwa ameshaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

"Si ulisema wacha waanze wengine?" nikamuuliza.

"Maiti hana bure wala ghali," akanijibu. "Vua hiyo miwani ya jua, ni heshima."

Nilicheka. Mimi nina ulimi na nina hasira za haraka, na siku ile nilijiona karani mwenye cheti kati ya washamba. Nilijua ni sanamu. Hata hivyo nilivua miwani, na nilipovuka kizingiti nilijikuta nimeinamisha kichwa kama wengine.

Holi lile nililijua tangu utotoni. Nilicheza pale, nililia pale siku ya harusi ya rafiki yangu, niliona ndondi pale. Sasa madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi za kaki ili jua lisiharibu vitu. Ukutani kulikuwa na michoro ya penseli iliyogeuka manjano, na hakuna aliyeitazama. Katikati palipangwa meza zile zile za harusi, zimetandikwa shuka nyeupe, na juu ya shuka, vimelala chali, vichwa. Vilikuwa vya plasta, kama ishirini hivi. Zamani chuo kiliwapaka watu plasta usoni ikakauka, ikabanduliwa, na ndani yake wakamimina nyingine. Kwa hiyo hazikuwa sura za kubuni. Kila kunyanzi, kila tundu la ndui, kila ufa wa mdomo ulikuwepo. Wote walikuwa wamefumba macho. Mbele ya kila mmoja paliwekwa kikaratasi: Mwanamume, Nairobi. Mpagazi. Mwanamke mzee. Hakuna jina lolote.

Nataka kusema ukweli kwamba niliogopa. Sikuogopa wafu. Kilichoniogopesha ni kwamba walionekana kama watu wanaojizuia kupumua. Nilijikuta nami najizuia, na mbele yangu jirani yangu alikuwa anajizuia, na foleni yote ilitembea hivyo, hatua moja, tunasimama, tunaangalia, hatua moja, huku ule wimbo ukiendelea kwa midomo iliyofungwa. Mlinzi wa chuo, kijana mwenye koti la kijivu lililomzidi mabega, alisimama kando na uso wa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kikaratasi cha meza ya tatu kilisema: Mwanamke wa Kikamba.

Nilimwangalia na sikumtambua. Hili lazima liaminike. Macho yangu yaliona msichana wa plasta, mashavu yaliyojaa, si mzuri wala si mbaya, nami nilikuwa tayari kupiga hatua. Ni mkono wangu uliokataa. Mkono wa kulia uliinuka wenyewe ukaenda pale mezani.

"Madam, si ya kugusa," mlinzi akasema.

Nilifumba macho. Vidole vikaanza paji, kama nilivyofundishwa, vikashuka kushoto, na juu ya nyusi vikakuta mfereji, urefu wa punje ya mchele. Pua. Shavu. Mdomo wa chini unaotaka kubisha. Plasta ilikuwa baridi, lakini kila kilima na kila bonde lilikuwa pale nilipoliacha. Harufu ya mhugu ilinijaa puani, ndani ya holi lisilokuwa na mti wowote. Kisha nikaelewa kwamba harufu ilitoka vidoleni mwangu mwenyewe. Nilikuwa nimesugua kichwa kingine jana yake.

"Madam," mlinzi akarudia.

Nilifumbua macho nikainama karibu. Katika kope ya kulia ya yule msichana kulikuwa na nywele mbili, nywele za kweli, nyeusi, zimenaswa na plasta. Nikajua nimemsugua mama yangu miaka ishirini, nikampaka rangi ya viatu, nikamfunga katika gazeti, nikamkabidhi kwa mtu wa pikapu.

Sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka jirani yangu akisema, "Umeona? Umeona sasa? Nilikwambia vua miwani."

Baba alikuwa barazani. Katikati ya miguu yake kulikuwa na kile kichwa nilichosugua jana, kimekauka, na alikuwa anakifuta vumbi kwa kitambaa. Kile cha mwezi ule kilikuwa cha mwanamke wa makamo, mwenye mistari miwili kando ya mdomo na ngozi iliyolegea kidogo chini ya kidevu. Ndipo nikaona jambo ambalo mtu asiye mpumbavu angeliona zamani. Vichwa vya utoto wangu vilikuwa vya msichana. Nilipomaliza shule vilikuwa vya mke wa mtu. Sikuwahi kujiuliza. Nilidhani wateja sasa wanapenda wazee.

"Baba, huyu ni nani?"

"Ni kichwa."

"Cha nani?"

"Cha mteja. Kwani umerudi na nini leo, Mwaitu?"

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia baba kelele kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimwambia ameniacha nikae mbele ya kioo kama mwendawazimu nikitafuta uso, na uso huo uko mapajani mwangu kila mwezi. Nilimwambia yeye na dada yake ni wezi. Shangazi akatoka na mwiko mkononi.

"Wachana na mzee afanye kazi yake! Nani amekuambia hiyo maneno?"

"Hakuna aliyeniambia. Yuko holini. Amelala mezani, amefumba macho."

Kitambaa kikasimama mkononi mwa baba. Shangazi akakaa chini pale pale mlangoni, juu ya maganda ya mbao.

Ijumaa baba hakushika tezo. Alikaa na mikono yake juu ya magoti, na twiga watatu waliokuwa nusu walimzunguka. Nilipotaka kumsemesha, shangazi alinizuia. Ndipo akanifungulia kidogo. Mama yangu, alisema, alizikwa uso kabla hajafa. Walimfunika akiwa hai, wakamwacha na mirija miwili puani apumulie, na majuma matatu baadaye akaenda kweli. Nyumbani wote walijua kilichomuua ni ile plasta. Na aliyemwambia akubali ni nani?

"Usimpeleke huko," shangazi akasema. "Hiyo uso akiiona tena, utabaki na mimi peke yangu."

Mimi sikuamini habari ya plasta. Wanawake walikufa wakizaa, hiyo haikuhitaji mchawi. Lakini sikutaka kumhurumia baba wala kusikiliza hofu ya shangazi. Nilitaka mtu anyooshe kidole aseme huyu ndiye mama yako. Nilimwambia baba Jumamosi ni siku ya mwisho. Nilisema hivyo tu.

Jumamosi alinawa miguu, akavaa koti lake la kanisani na kofia, akatoka bila kuniambia. Nilimfuata hatua chache nyuma. Foleni ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wameshaaga. Ndani alikuwepo mlinzi peke yake, akikunja shuka za meza za mwanzo na kuvipanga vichwa katika masanduku yenye nyasi. Baba alivua kofia mlangoni. Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja meza ya tatu kama mtu anayerudi kitandani kwake gizani.

Alisimama muda mrefu hivi kwamba mlinzi aliacha kukunja.

"Si ya kugusa?" baba akauliza.

Yule kijana aliniangalia mimi, akamwangalia baba. "Gusa, mzee."

Baba aliweka kidole gumba juu ya ile alama. "Hii ni debe la maji," akasema. "Alianguka nalo mtoni, bado msichana. Aliniambia nisimcheke." Halafu akaanza kusema, na alisema kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba ananieleza jinsi ya kunoa patasi. Wakati ule alikuwa akitengeneza fremu za picha pale chuoni. Mama alikuwa akimletea mahindi na maharagwe mchana. Mwalimu mmoja wa Kizungu aliupenda uso wake, akauliza kama atakubali kupakwa. Mama hakutaka. Baba akamwambia ni kitu kidogo, na wanatoa blanketi. Akakubali kwa sababu ya blanketi, maana mtoto alikuwa njiani na Julai ilikuwa baridi.

Blanketi hilo nililijua. La kijivu, lenye mistari miwili myekundu. Nililala chini yake mpaka nilipoanza kazi.

"Na wewe ulikuwa ndani," baba akasema. "Walipompaka ulipiga teke. Nilikuwa nimemshika mkono, akanibinya. Hakuweza kusema, mdomo ulikuwa umefunikwa. Alinibinya tu."

"Halafu?"

"Halafu walibandua, akacheka. Nyusi ziling'oka kidogo, akacheka tena. Siku ya kumzika waliniita nimuangalie. Nilikataa. Nilikuwa nimeshamwona amefumba macho, Mwaitu. Sikutaka mara ya pili."

Mlinzi alikuwa amegeuka upande wa ukuta. Baba aliinama karibu na ule uso, akauangalia kwa jicho la kazi, akatikisa kichwa.

"Huyu ni mtoto," akasema. "Angalia. Mtoto kabisa. Ninayemjua mimi ni mwanamke wa miaka yangu."

Kisha akasimama wima na kofia kifuani, akafanya kile ambacho mtaa wote ulikuwa umefanya wiki nzima kwa kukosea. Alimuaga. Alisema maneno kwa Kikamba ambayo sitayaandika. Nami nilisema, "Mwaitu," kwa sauti, kwa mara ya kwanza nikimwambia mwenyewe. Holi lilikuwa tupu na sauti ilirudi kutoka darini.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kwa nini hakubakiza hata kimoja nyumbani.

"Nikimweka pale juu ya kabati, amekufa. Nikimuuza, yuko safari."

Nilikuwa na furaha jioni ile. Nasema furaha kwa sababu ndiyo ilikuwa, nilikuwa na mama mwenye uso, na kile kichwa kipya kilikuwa dirishani kimeng'aa, kinakodoa macho. Nililala nikimwangalia. Jumapili baada ya kanisa nilimwangalia tena. Sikumwambia baba kwamba namtaka, niliona ni jambo lisilohitaji kusemwa. Jumatatu nilikwenda kazini, na niliporudi dirishani palikuwa na mduara usio na vumbi. Mtu wa pikapu alikuwa amekuja, na baba alimpa kama kawaida yake.

Hata hivyo sikugombana. Nilimwambia baba, "Kinachofuata ni changu." Akasema sawa.

Alianza mwezi uliofuata. Alichagua kipande kizuri, akakaa nacho siku nne. Nilipokipokea nikafumba macho na kuanza paji nilijua kabla sijafika puani. Alama ilikuwepo, mahali pake, lakini ilikuwa alama juu ya uso wa mtu mwingine. Alichonga cha pili. Alichonga cha tatu, akakitupa mwenyewe kabla sijakigusa. Macho alijaribu kuyafumbua, yakawa macho tu.

"Imekataa," akaniambia. Alishika patasi akaiangalia kama kosa lilikuwa lake. "Amekwenda. Nilimuaga, si uliona?"

Niliona. Mimi ndiye niliyempeleka, na shangazi alinionya, ingawa yeye alidhani atakayekwenda ni baba. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, mtu mwepesi kuliko nilivyowahi kumjua, akila vizuri, akiimba hata. Alichonga twiga mpaka macho yakamchoka. Sikuweza kumchukia, nilijaribu.

Yule wa plasta bado yuko stoo ya chuo. Nimekwenda mara mbili, nao walinifungulia kwa adabu. Lakini yule ni msichana aliyelala nami tumboni mwake, mdogo kwangu sasa kwa miaka mingi, na kila nikisimama mbele yake sijui nimwambie nini. Ninayemtaka ni yule mwingine, aliyefumbua macho, aliyezeeka polepole juu ya magoti yangu bila mimi kujua. Huyo yuko katika sebule za watu wa nchi nisizozijua, juu ya redio zao na kabati zao, na hakuna anayejua ni nani.

Nikipita penye duka la vinyago mjini huingia. Najua ni upumbavu. Natafuta vichwa vya mhugu, nafumba macho, na kupitisha kidole juu ya nyusi ya kushoto ya kila kimoja. Mwenye duka huniambia, "Madam, kama hununui usiguse." Mimi hugusa kwanza, halafu ndipo humwomba radhi.